Nishati ya Kuagiza, Vita na Ubunifu wa Kijani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila vita inapozuka karibu na visima vya mafuta au mabomba ya gesi, husikika kauli mbili zinazopingana. Wako wanaosema kwamba sasa dunia italazimika kugeukia jua na upepo, na wako wanaosema kwamba mipango yote ya nishati safi itawekwa kabatini mpaka amani irudi. Majibu yaliyo hapa chini yanapima kauli hizo kwa mambo yaliyokwisha kutokea. Tunaposema ubunifu wa kijani hatukusudii uvumbuzi wa maabara peke yake, bali pia mbinu mpya za kuunda, kuuza, kukopesha na kutumia nishati isiyochafua hewa.

Nchi huhesabiwa kuwa tegemezi inapoagiza kiasi gani cha nishati?

Kiasi peke yake hakitoshi kueleza hatari. Ujerumani mwaka 2021 ilipata takriban asilimia 55 ya gesi yake kutoka Urusi, na gesi hiyo ilipita katika mabomba. Mafuta yaliyomo melini yanaweza kuuzwa kwa mteja mwingine meli ikiwa bado baharini, lakini bomba limefungwa huku na kule, na muuzaji akifunga koki mnunuzi hana pa kugeukia siku hiyohiyo. Kwa hiyo hupimwa pia idadi ya wauzaji, njia inayopitisha mzigo, na muda unaohitajika kupata mbadala.

Kwa nchi isiyo na bahari, koo lenyewe huwa ni barabara. Januari 2008 Uganda na Rwanda zilikaukiwa mafuta bila vita yoyote ya kimataifa, kwa sababu tu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya ziliziba barabara na reli itokayo Mombasa. Burundi nayo imeishi na foleni za petroli kwa miaka kadhaa, na chanzo kikubwa hapo ni uhaba wa fedha za kigeni za kulipia shehena. Mafuta yanaweza kuwepo sokoni kwa wingi na bado yasikufikie.

Je, vita huchochea ubunifu wa kijani au huukwamisha?

Huyafanya yote mawili, ila kwa nyakati tofauti. Mwanauchumi Mwingereza John Hicks aliandika mwaka 1932 kwamba kitu kinapopanda bei, watu hubuni njia za kukitumia kidogo zaidi. Miaka 70 baadaye, mwaka 2002, Mmarekani David Popp alichapisha uchunguzi wa hataza, yaani hati za kulinda haki ya mvumbuzi, zilizotolewa Marekani kati ya 1970 na 1994, akaonyesha kwamba hataza za teknolojia za nishati ziliongezeka kweli kufuatana na bei, na kwamba wingi wa maarifa yaliyokwisha kulimbikizwa kabla ulikuwa na uzito mkubwa vilevile.

Hata hivyo, bei ileile inayomwamsha mbunifu humnyang'anya pia fedha. Serikali huhamisha bajeti kwenda kwenye ruzuku za dharura, benki kuu hupandisha riba ili kuzuia mfumuko wa bei, chuma na saruji hupanda, na mhandisi aliyekuwa akisanifu betri hupewa kazi ya kuhakikisha jenereta ya dizeli haizimiki. Ndiyo maana mwaka wa kwanza wa mgogoro karibu kila mahali huwa mwaka wa makaa ya mawe na jenereta. Matunda ya kijani huja baadaye, na huwafikia zaidi wale waliokuwa wamekwisha kupanda.

Kwa nini Denmark hutajwa kila mara katika mjadala huu?

Kwa sababu huko hadithi nzima inaonekana tangu mwanzo, pamoja na sehemu zake zisizopendeza. Vita ya Oktoba 1973 kati ya Israeli na majirani zake ilipofuatwa na vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu, pipa moja lilipanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12 kufikia Januari 1974. Denmark ilikuwa ikipata takriban asilimia 90 ya nishati yake yote kutokana na mafuta ya kuagiza. Serikali ilipiga marufuku kuendesha magari siku za Jumapili, na watu wakatembea kwa miguu na baiskeli katika barabara kuu.

Wasimulizi wengi hurukia hapo na kusema kwamba ndipo Wadenishi walipobuni umeme wa upepo. Hawakuubuni wakati huo. Mwanasayansi Poul la Cour alikuwa amezalisha umeme kwa kinu cha upepo huko Askov tangu 1891. Wakati wa vita kuu ya pili, mafuta yalipoadimika, kampuni ya F.L. Smidth iliunda mitambo ya upepo kwa ajili ya vijiji. Vita ilipokwisha na mafuta ya bei nafuu yakarudi, mitambo hiyo ikaachwa. Mwaka 1957 Johannes Juul, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa la Cour, alisimamisha kinu cha kilowati 200 huko Gedser, chenye mapanga matatu na jenereta ya aina rahisi iliyounganishwa moja kwa moja na gridi. Kilifanya kazi takriban miaka kumi kikasimamishwa, kwa kuwa hakuna aliyeona haja yake.

Bei zilipolipuka mwaka 1973, mchoro wa Juul ulikuwepo tayari. Seremala aitwaye Christian Riisager aliunda kinu cha kilowati 22 kwa mbao na vipuri vya lori, akakiunganisha na gridi, kisha akaanza kuwauzia wengine. Huko Tvind, walimu, wanafunzi na mamia ya watu waliojitolea walijenga kati ya 1975 na 1978 mnara wenye urefu wa zaidi ya mita 50, na kinu chao bado kinazunguka. Serikali ilifungua kituo cha majaribio huko Risø mwaka 1978, na mwaka uliofuata ikaanza kumrudishia mnunuzi asilimia 30 ya gharama, kwa sharti kwamba mtambo uwe umeidhinishwa na kituo hicho. Sharti hilo, kwa maoni yetu, lilifanya kazi kubwa kuliko fedha zenyewe, kwa sababu mapanga yaliyovunjika kwa upepo yalichunguzwa na kurekebishwa badala ya kuuzwa tena kwa mteja mwingine. Mwaka huohuo wa 1979 Vestas, iliyokuwa ikitengeneza zana za kilimo, ilianza kuuza mitambo ya upepo. Leo zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark hutokana na upepo.

Je, kila nchi inayobanwa hugeukia nishati safi?

Hapana. Nchi iliyobanwa hugeukia kilicho chini ya miguu yake. Mshtuko uleule wa 1973 uliipeleka Ufaransa, ambayo haikuwa na mafuta wala makaa ya kutosha, kwenye nyuklia kupitia mpango uliotangazwa na Waziri Mkuu Pierre Messmer Machi 1974. Brazil, yenye mashamba makubwa ya miwa, ilianzisha mwaka 1975 mpango wa Proálcool wa kuendesha magari kwa kileo cha miwa, yaani ethanoli.

Mfano unaopaswa kutushughulisha zaidi uko kusini mwa bara letu. Utawala wa makaburu wa Afrika Kusini, ukitaka kupunguza mafuta ya kuagiza, uliiunda kampuni ya Sasol mwaka 1950 ili kugeuza makaa ya mawe kuwa petroli. Baada ya 1973 iliamuliwa kujenga kiwanda cha pili kikubwa huko Secunda, na mapinduzi ya Iran ya 1979 yalipomwondoa muuzaji wake mkuu wa mafuta, kiwanda cha tatu kikaongezwa hapohapo. Huo ulikuwa ubunifu wa hali ya juu kabisa wa kihandisi, uliozaliwa na utegemezi na mgogoro kama ule wa Denmark, lakini matokeo yake ni kwamba Secunda imekuwa miongoni mwa vituo vinavyotoa hewa ya ukaa kwa wingi zaidi duniani. Dhiki huleta ubunifu. Rangi ya ubunifu huo ni suala la sera na la jiolojia.

Mafuta yakishuka bei, ubunifu huendelea?

Hapa ndipo wengi walipoangukia. Rais Jimmy Carter aliweka paneli za kuchemshia maji kwa jua juu ya paa la Ikulu ya Marekani mwaka 1979. Mwaka 1986, wakati wa Ronald Reagan, ziliondolewa, na mwaka huohuo bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka. Vestas nayo ilifilisika mwaka 1986, baada ya soko lake kubwa la California kukauka, ikalazimika kuundwa upya. Nchini Brazil, ambako katikati ya miaka ya 1980 magari mapya zaidi ya asilimia 90 yalitumia kileo, wenye viwanda vya miwa walirudi kwenye sukari ilipopata bei nzuri, na mwaka 1989 madereva wakakosa kileo vituoni. Imani iliyovunjika siku zile ilirejea polepole, hasa tangu 2003, yalipoingia sokoni magari yanayokubali petroli na kileo kwa pamoja.

Denmark ilifanya jambo ambalo wanasiasa wengi hawathubutu kulifanya: mafuta yalipoanguka bei katikati ya miaka ya 1980, ilipandisha kodi za nishati, kiasi kwamba mtumiaji hakuona unafuu mkubwa na mtengenezaji wa mitambo ya upepo hakupoteza hesabu zake.

Vita ya Ukraine ilibadilisha nini barani Ulaya?

Urusi ilivamia Ukraine Februari 2022. Agosti mwaka huo gesi katika soko la Uholanzi, linalotumiwa kama kipimo cha bei kwa Ulaya, ilipita euro 300 kwa megawati-saa, na Septemba mabomba ya Nord Stream yakalipuliwa chini ya bahari ya Baltiki. Hatua za haraka zaidi hazikuwa za kijani. Ujerumani ilirudisha kazini mitambo ya makaa, na Desemba 2022 ilizindua huko Wilhelmshaven gati lake la kwanza la kupokea gesi iliyosindikwa kuwa kimiminika, likiwa limekamilika kwa miezi michache tu katika nchi ambayo mradi wa upepo unaweza kusubiri vibali kwa miaka. Inafaa kukumbuka jambo hilo kila afisa anaposema kwamba taratibu haziwezi kuharakishwa.

Sambamba na hayo, Tume ya Ulaya ilitoa mpango wa REPowerEU, uliolenga kuondokana na nishati ya Urusi kwa kubana matumizi, kubadilisha wauzaji na kuharakisha nishati jadidifu. Mwaka 2022 upepo na jua kwa pamoja vilizalisha umeme mwingi kuliko gesi katika Umoja wa Ulaya kwa mara ya kwanza. Pampu za joto, yaani mashine zinazovuta joto la nje na kuliingiza ndani kwa umeme, ziliuzwa kwa wingi usiopata kuonekana.

Kisha ikaja zamu ya riba. Benki Kuu ya Ulaya ilipandisha riba yake ya amana kutoka chini ya sifuri hadi asilimia 4 kufikia Septemba 2023. Mwenye mtambo wa gesi hulipia mafuta yake siku baada ya siku, lakini mwenye mtambo wa upepo hulipa karibu gharama yote mwanzoni, kwa mkopo, na kwa hiyo riba humuumiza yeye zaidi. Julai 2023 Vattenfall, kampuni ya umeme ya Sweden, ilisimamisha mradi wa upepo wa Norfolk Boreas katika bahari ya Uingereza, ikieleza kwamba gharama zimepanda kwa asilimia 40 hivi; Oktoba mwaka huo Ørsted, kampuni ya Denmark, iliacha miradi miwili mikubwa ya upepo nchini Marekani. Mauzo ya pampu za joto yakashuka. Mgogoro uleule uliofungua soko ndio uliopandisha gharama ya kuingia sokoni.

Kwa nini vita ya Ulaya iliwagusa watu wa Pakistan?

Kwa sababu Ulaya ilikuwa na fedha na Pakistan haikuwa nazo. Meli za gesi zilifuata bei, nchi ikashindwa kupata shehena mpya, na umeme ukakatwa kwa saa nyingi. Bei ya umeme wa gridi ilipanda, wakati paneli za China zilikuwa zikishuka bei kwa kasi. Mwaka 2024 Pakistan iliagiza paneli zenye uwezo wa takriban gigawati 17, nyingi zikinunuliwa na wakulima, wenye viwanda na watu wa kawaida, bila mpango mkubwa wa serikali. Gridi sasa ina wateja wachache wa kugawana madeni ya mitambo iliyokwisha kujengwa, na anayebaki kubeba mzigo huo ni asiye na paa la kuwekea paneli. Ubunifu wa namna hii hausubiri ruhusa, na haugawi faida zake kwa usawa.

Afrika Mashariki inategemea nini hasa kutoka nje?

Umeme wetu hautoki nje kwa kiwango ambacho watu hudhani. Kenya ilichimba visima vya mwanzo vya jotoardhi Olkaria katika miaka ya 1950 ikaviacha, ikarudi kwa nguvu miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 ikawasha mtambo wa kwanza wa megawati 15. Leo jotoardhi ina uwezo wa zaidi ya megawati 900 na hutoa karibu nusu ya umeme wa nchi hiyo. Ukisimama karibu na bomba la mvuke huko Olkaria, unasikia mngurumo usiokoma na kunusa harufu ya mayai viza, na hakuna hata tone moja la nishati hiyo lililopita Hormuz, mlango bahari unaopitisha meli za mafuta kutoka Ghuba. Tanzania ina gesi ya Songo Songo iliyofika Dar es Salaam mwaka 2004, na bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115.

Tundu letu liko barabarani na jikoni. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na kile cha Dar es Salaam kiliacha miaka mingi kabla yake, kwa hiyo petroli na dizeli yote huingia ikiwa tayari imesafishwa, sehemu kubwa kutoka Ghuba. Takriban moja ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani hupita mlango bahari wa Hormuz. Tanzania bei mpya hutangazwa na mamlaka ya udhibiti, EWURA, Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Kenya mamlaka kama hiyo, EPRA, hutangaza tarehe 14. Siku hizo makondakta hujua kabla ya abiria kwamba nauli itabishaniwa.

Jikoni kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mkakati wa Tanzania wa 2024 unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, lengo jema kwa mapafu ya akina mama na kwa misitu. Ila mtungi wa gesi ya kupikia nao huagizwa. Tukihama kutoka mkaa wa Morogoro kwenda gesi ya melini peke yake, tutakuwa tumepunguza moshi na kuongeza utegemezi. Majiko ya umeme yanayotumia kiasi kidogo, kama zile sufuria za umeme zinazopika maharage kwa mvuke uliobanwa, yanastahili nafasi kubwa zaidi kuliko yanayopewa sasa.

Je, ruzuku ya mafuta wakati wa vita huua ubunifu?

Hudumaza, lakini si haki kulijibu swali hili kana kwamba wanaoathirika wana akiba benki. Juni 2022 Tanzania ilianza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali ya bei, na bila shaka iliwaokoa wasafirishaji na wakulima wengi. Tatizo la ruzuku ni kwamba humfikia mwenye gari kubwa kuliko mwenye baiskeli, na huficha ishara ambayo ingemfanya mtu akokotoe upya hesabu zake. Ruzuku yenye tarehe ya mwisho, ikiambatana na punguzo la ushuru kwa vyombo vya umeme, ni tofauti kabisa na ruzuku inayorefushwa kila uchaguzi unapokaribia.

Kununua paneli na betri za China si kuhamisha tu utegemezi?

Kwa sehemu ni kweli. China inashikilia zaidi ya asilimia 80 ya hatua zote za utengenezaji wa paneli za jua, na imekwisha kuonyesha kwamba bidhaa inaweza kuwa silaha: mwaka 2010 Japani ilikosa madini adimu katika mzozo wake na China kuhusu visiwa, na mwaka 2023 China iliweka udhibiti wa kuuza nje metali za galiamu na gerimani, pamoja na kinywe (grafiti).

Lakini utegemezi huu una tabia nyingine. Shehena ya dizeli ikikosekana, lori husimama wiki hiyohiyo. Shehena ya paneli ikikosekana, zilizoko juu ya paa huendelea kutoa umeme kwa miaka 20 au zaidi, na kinachochelewa ni upanuzi. Aidha, madini yenyewe yako kwetu: takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa Congo, kwa wingi katika maeneo ya Kolwezi ambako Kiswahili ndicho lugha ya machimboni, na serikali ya Kinshasa ilisimamisha uuzaji wake nje Februari 2025 ili kuinua bei. Tanzania ina kinywe huko Mahenge na nikeli huko Kabanga. Kinachokosekana ni viwanda vya kusafisha, na viwanda hivyo huhitaji umeme mwingi, wa uhakika na wa bei nafuu, kabla ya kuhitaji hotuba.

Ubunifu wa kijani ni lazima uwe hataza au maabara?

Sivyo. Nenda Nairobi au Kigali, utamwona dereva wa bodaboda ya umeme akisimama kwenye kabati la betri kando ya kituo cha mafuta. Anainua kiti, anachomoa betri iliyoisha, anaisukuma kwenye tundu tupu, anavuta nyingine iliyojaa, anafunga kiti na kuondoka, yote kwa muda mfupi kuliko foleni ya petroli iliyo jirani yake. Pikipiki imeundwa kwa vipande vingi vya kuagiza. Kilichobuniwa hapa ni kwamba dereva hainunui betri, ambayo ndiyo sehemu ghali, bali hulipia chaji, kwa simu, kwa kiasi anachokipata siku hiyo. Petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita jijini Nairobi Septemba 2023, hesabu za mpango huo zilieleweka kwa dereva bila semina.

Je, nchi zetu zinaweza kupiga marufuku magari ya petroli?

Ethiopia imejaribu. Mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli, na sababu iliyotajwa mbele ya mazingira ilikuwa mabilioni ya dola yanayotoka kila mwaka kulipia mafuta. Ilikuwa na umeme wa maji wa bei nafuu, na bwawa lake kubwa juu ya mto Abbay (Nile ya Bluu), lenye uwezo wa megawati 5,150, lilizinduliwa rasmi Septemba 2025. Walionunua magari ya umeme Addis Ababa wanalalamikia vipuri na mafundi, na walio mbali na mji mkuu wanalalamikia mahali pa kuchaji. Kenya, yenye jotoardhi ambayo usiku wa manane hukosa wateja wa kutosha, ina umeme wa kuanzia, na imeanza kutoza bei ya chini zaidi kwa anayechaji gari saa hizo.